Bei ya Nyuki Mmoja

Bwana Lutonja alifika Isevya saa nne asubuhi,
suruali kaibana kwa kibanio cha nguo isiliwe na mnyororo,
akaegemeza baiskeli ukutani, juu ya mbuni niliyemchora mwenyewe,
akasema: "Nasikia wewe ndiye unayechora.
Nichoree kanyuki. Kanyuki tu, ka kubandika kwenye chupa za asali."

Nikalisikia lile ka.
Nalijua tangu darasa la tano:
kapicha ka harusi ya shangazi,
kasimba ka ukuta wa chekechea,
kabango ka saluni ya Nyamizi, nililolipwa kwa kusukwa,
na nywele zikafumuka kabla rangi haijakauka.
Ka ni herufi mbili,
lakini itangulize mbele ya kazi yoyote uone
bei inavyosinyaa kama jani la tumbaku ndani ya bani.

Usiku nikawasha tochi ya simu, nikahesabu.
Karatasi nzito: huagizwa Mwanza, huja na basi,
kona zimekunjamana, kuna mtu kaikalia.
Wino mweusi, chupa moja.
Njano mbili, maana ile ya kwanza ni ya mkojo
na asali ya miombo haina rangi hiyo.
Siku mbili Sikonge, kwenye mizinga, natazama.
Kuumwa mara tatu (hii niiweke wapi? Nikaiweka kwenye nauli).
Michoro kumi na mmoja iliyowashia jiko.
Miaka sita ya kukosea mikono ya watu.
Hapo kalamu ikasimama.
Miaka haina risiti.

Jirani yangu Ndaki anatengeneza vitanda vya mninga.
Mteja akiuliza, anavuta futi, anapima hewa, anataja.
Hajatokea wa kumwambia, "Nichongee kakitanda, utajulikana."
Nikamuuliza, wewe unatajaje bila sauti kutetemeka?
Akacheka, unga wa mbao kwenye kope.
"Inatetemeka. Ndiyo maana nashika futi."

Sina futi. Nikashika penseli.
Jumatatu Bwana Lutonja aliporudi, nikasema:
"Laki moja na themanini. Nusu kabla, nusu ukipokea.
Marekebisho mawili. La tatu lina bei yake."
Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya:
nikanyamaza.

Treni ya mizigo ikapiga honi kule stesheni, nimenyamaza.
Kuku akaingia, akatoka.
Ulimi ukaniwasha useme lakini tunaongea,
lakini wewe ni kama baba,
lakini.
Nikaung'ata.

"Kwa kanyuki?"
"Kwa nyuki."

Akaondoka, usukani ukamkwaruza mbuni shingoni.
Siku nne.
Nilikula ugali kwa mlenda, nikamtukana Ndaki kimoyomoyo,
nikaandika ujumbe wa kushuka hadi elfu arobaini,
nikaufuta, nikauandika tena, nikabonyeza:
salio halitoshi.
Nisije nikasema nilikuwa jasiri.

Ya tano akaja na elfu tisini kwenye bahasha ya mbegu za alizeti
na dumu la asali, "la kuangalizia rangi."
Alitaka nyuki acheke. Awe na meno.
Nikamwambia nyuki hana meno, ana mwiba,
na sikio langu ni shahidi.
Akalitazama sikio. Akafikiri.
Hilo likahesabiwa rekebisho la kwanza.

Leo mwalimu mmoja wa Urambo ameniandikia,
picha kumi na mbili za kitabu cha chatu na fundi saa.
Kaandika "vipicha".
Kabadilisha kiambishi, mjanja huyu.
Jasho limeanza juu ya mdomo, penseli iko mkononi,
na mbele yangu nimelifungua daftari la risiti
kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, nijikumbushe mwandiko:

Nyuki, mmoja.
Miguu sita. Mabawa manne.
Hacheki.
Amelipiwa.